Uliza "Lini" Kwanza: Maneno Kabla ya Mechi za Leo

Haya wadau, tukae. Wale bado mnavalisha kadi slivu, vile vifuko vya plastiki, endeleeni tu na mikono, mradi masikio yako huku, sitawaweka sana, najua mmekuja kucheza Magic, huu mchezo wetu wa kadi, sio kusikiliza mtu akihubiri.

Nimeombwa niongee juu ya sheria kwa sababu Jumamosi iliyopita kuna meza, siitaji, wenyewe wanajijua, ilikwama karibu nusu saa wakibishania dubu mmoja. Dubu! Grizzly Bears, kadi ya mana mbili (mana ndo unalipia kadi), nguvu 2 ugumu 2, yaani 2/2, hata picha yake haitishi mtu. Watu wanne wamesimama, chai imepoa, mmoja ameanza kukusanya kadi zake aende kwao. Na nilipofika pale kila mtu ananisomea kadi inasema nini, kwa sauti, kama mimi ndo sijui kusoma, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nani alicheza nini kabla ya nini. Tangu nianze kuitwa mezani hivi kama jaji, naona watu wanapigana juu ya "nini" na jibu limelala kwa "lini". Ndo hilo tu nimekuja nalo leo.

Alafu najua shida imetoka wapi. Sote tumekulia kadi, ile ya mtaani. Kwetu mbili unaokota mbili, tatu unaokota tatu, joka tano, nane na kwini ni swali lazima ulijibu, na ukikaribia kumaliza unasema "niko kadi" la sivyo unarudi kuokota. Lakini ukihama mtaa tu umehama sheria, huku Ace inazuia adhabu, kule ati inategemea, na mabishano yakizidi mwenye karata anaamua kwa sababu karata ni zake na anaweza kuzibeba aende. Magic haina hiyo ya mwenye karata. Tangu Richard Garfield aitoe 1993 sheria zimekuwa zikiandikwa na kurekebishwa, saa hii zimepita kurasa 200, ziko wazi kwa mtu yeyote, na hapana, mimi sijazisoma zote, nazisoma vile mtu anasoma kamusi, nikikwama ndo nafungua.

Sasa turudi kwa dubu.

Jamaa A ana dubu mezani. Anataka kumpa nguvu, anacheza Giant Growth, dubu apate +3/+3 mpaka mwisho wa zamu, yaani awe 5/5. Jamaa B kabla hiyo haijafanya kazi anasema ngoja, najibu, Lightning Bolt, demeji 3 kwa dubu, yaani madhara, yakifikia ugumu wake anakufa. A anaruka, "aah lakini mimi nilicheza kwanza, dubu ashakuwa tano!" Na ukimsikiliza unaona kama ana haki, kwani foleni ya benki inaendaje? Wa kwanza kufika ndo wa kwanza kuhudumiwa.

Shida ni kwamba staki, pale kadi zilizochezwa zinasubiri kabla ya kufanya kazi, sio foleni ya benki. Staki ni matatu. Aliyepanda mwisho amekaa pale mlangoni, na yeye ndo anashuka kwanza, yule wa nyuma kabisa kwa kona aliyepanda stejini lazima asubiri wote watoke. Giant Growth ilipanda kwanza, ikakaa nyuma. Bolt imepanda baadaye, iko mlangoni. Kwa hivyo Bolt inashuka kwanza, inamkuta dubu bado ni 2/2, inampiga tatu, dubu kwisha, makaburini, lile rundo la kadi zilizokufa au kutumika. Alafu Giant Growth inashuka, inamtafuta mtu wake, hayuko, basi na yenyewe inaenda makaburini bila kufanya kitu. A amepoteza kadi mbili kwa moja ya B, na ndo maana alikuwa na hasira, ningekuwa mimi pia ningesimama.

Geuza sasa. B anaanza kwa Bolt, A anajibu na Giant Growth. Kadi ni zilezile, dubu ni yuleyule, hakuna herufi imebadilika. Growth iko mlangoni, inashuka kwanza, dubu anakuwa 5/5, Bolt inakuja kumpiga tatu, anatikisa kichwa tu, yuko hai. Unaona? Ukiniuliza "Bolt inaua dubu aliyepewa Giant Growth?" sina jibu la kukupa. Niambie lini.

Na B hawezi kusema ati "basi nasubiri Growth ifanye kazi ndo nipige", ikishafanya kazi anapiga dubu wa tano. Dirisha lake ni pale Growth iko kwa staki haijashuka, na A akiwa na Growth ya pili anaweza kuiweka juu ya Bolt tena, na B akiwa na kitu kingine juu ya hiyo, mpaka wote wawili waseme sina zaidi. Hapo ndo kimoja kinashuka, cha juu. Kimoja, sio zote kwa mpigo. Baada ya kila kinachoshuka mnapata nafasi tena ya kujibu kabla ya kinachofuata, hiyo wengi hamjui na mnaachia ushindi mezani.

Kuna kipande cha mwisho cha hiyo meza kilinichekesha. B aliposikia dubu wa 5/5 amebaki na demeji 3, akasema sawa, lakini zamu ikiisha Growth inatoka, dubu anarudi 2/2 na bado ana vidonda vitatu, si anakufa? Swali zuri sana hilo, hafi. Mwisho wa zamu kuna hatua ya kusafisha, na pale demeji inafutwa na zile za "mpaka mwisho wa zamu" zinaisha kwa wakati mmoja, sio moja kabla ya ingine. Hakuna sekunde hata moja ambayo dubu ni mdogo na bado ana kidonda.

Mnisikize na hii: ukifundishwa na mtu aliyecheza zamani akaacha, pokea masomo yake kwa chumvi kidogo. Staki yenyewe ilikuja na mabadiliko ya 1999, kabla ya hapo kulikuwa na kadi za aina nyingine kabisa za kukatiza na kichwa kilikuwa kinauma. Alafu mpaka 2009 demeji ya vita nayo ilikuwa inapanda kwa staki, kwa hivyo mtu angeacha kiumbe wake aweke demeji, alafu kabla haijashuka amtoe kafara apate faida mara mbili. Mzee atakuapia kuwa inawezekana, na hadanganyi, ni kwamba ilikuwa. Saa hii demeji ya vita inapiga papo hapo, hakuna kujibu katikati.

Tuendelee haraka kidogo. Kuna hii ya kumuua mwenye uwezo. Mtu ana Prodigal Sorcerer, mchawi wa kulaza kadi, yaani unaigeuza upande kuonyesha imetumika, anarusha demeji 1 popote. Anamlaza, analenga kiumbe wako, wewe unajibu kwa kumuua mchawi, alafu unasema basi, mrushaji amekufa. Jamani, jiwe likishatoka mkononi, kumpiga aliyelirusha hakulirudishi. Uwezo ukishapanda staki unajisimamia. Kama ulitaka asirushe, ungemuua kabla hajalala, kwa zamu yako, na hata hapo angeweza kukujibu kwa kurusha. Mtu kama huyo ukimwacha mezani hakuna wakati mzuri wa kumuua, kuna wakati mbaya na mbaya zaidi.

Hapohapo kuna gharama. Gharama haijibiwi. Kuna kadi inaitwa Village Rites, mana moja nyeusi na umtoe kiumbe kafara, unavuta kadi mbili. Ile kafara ni malipo. Sasa mwenzako anailipa, wewe unakurupuka "najibu, namuua huyo kiumbe kabla hujamtoa!" Kaka, ashatolewa. Ulipopata nafasi ya kujibu, kafara ilikuwa imeshalipwa, ni kama kusimamisha mtu asilipe nauli na konda ashaweka pesa mfukoni. Unaweza kupinga kadi yenyewe ukiwa na Counterspell, na ukipinga yeye hapati kadi mbili na kiumbe harudi, inauma sana, mimi napenda kuifanya. Lakini gharama huiwezi. Kulaza ardhi upate mana pia hivohivo, haipandi staki, huwezi kuijibu. Angalia kadi: kilicho kabla ya ile alama ya nukta mbili ni malipo, kilicho baada ndo kazi, na Village Rites inakuambia kwa maneno kabisa kwamba ni gharama ya nyongeza.

Vita sasa. Hapa ndo kelele nyingi.

Kwanza, kiumbe akishazibwa amezibwa. Umenishambulia na jitu la 6/6, nikaweka kajitokeni ka 1/1, kale ka alama kanakosimama kama kiumbe, mbele yake, wewe ukakapiga Bolt ukifikiri njia imefunguka. Haijafunguka. Lile jitu lilishaandikwa "limezibwa" pale nilipotangaza wazibaji, na kufa kwa tokeni hakulifuti hilo. Halinipigi mimi hata moja, limesimama tu pale kama mlinzi wa usiku. Ila kama lina trampo, hapo demeji yote inanishukia, kwa sababu trampo inampa mzibaji wake demeji ya kutosha kumuua kwanza ndo inayobaki ije kwangu, na mzibaji akiwa hayupo tena hakuna wa kugawiwa.

Na kama ungetaka kukatoa kale katokeni ungekatoa kabla sijaziba. Lini. Hivohivo kwa wale wanalaza kiumbe cha mwenzao ili kisishambulie: ukingoja akitangaze ndo ukilaze, umechelewa, kinashambulia kikiwa kimelala. Unafanya mwanzo wa vita, kabla hajatangaza. Na mzibaji akilazwa baada ya kuziba bado anapiga demeji yake kama kawaida, kulala hakumzuii mtu kupigana, kunamzuia kuanza.

Trampo na dethitachi pamoja. Hii huwa naitwa kila mara na kila mara mtu haniamini. Kiumbe wa 5/5 mwenye zote mbili amezibwa na 4/4. Dethitachi inasema demeji yoyote kutoka kwake, hata 1, inaua. Kwa hivyo "demeji ya kutosha kumuua mzibaji" ni 1. Anampa mzibaji 1, zile 4 zinamwendea mchezaji. Wakiziba watatu, moja moja moja, na 2 zinapita. Sio udanganyifu, ni hesabu.

Ugonjwa wa kuitwa. Kiumbe aliyeingia saa hii hawezi kushambulia wala kutumia uwezo wenye alama ya kulaza kwa gharama. Hiyo mnajua. Msichojua ni kwamba swali sio "ameingia lini mezani", ni "amekuwa WAKO tangu lini". Lazima uwe umemmiliki mfululizo tangu zamu yako ya karibuni ilipoanza. Ukimwiba kiumbe wa mwenzako aliyekaa mezani zamu kumi, kwako ni mgeni, ana ugonjwa, ndo maana kadi nyingi za kuiba kwa zamu moja zinampa na hesti kabisa, uwezo wa kushambulia papo hapo bila huo ugonjwa. Kuziba anaweza muda wowote, mgonjwa au mzima. Na anaweza kulazwa kwa kuendesha gari, zile kadi za magari, kwa sababu pale hakuna ile alama ya kulaza ya uwezo wake mwenyewe. Watu wameshindwa mechi kwa kutojua hiyo ya gari.

Kulenga, kwa kifupi: kwa kawaida kama kadi haina neno "target" haijalenga. Kiumbe ana heksiprufu, mwenzako hawezi kumlenga, sawa, lakini Wrath of God haimlengi mtu, inafagia wote, anaenda nao. Na ile Diabolic Edict inakulenga WEWE mchezaji ndo uchague kiumbe wa kutoa kafara, sio kiumbe. Ukiwa na mmoja tu mwenye heksiprufu, pole.

Sasa nije kwa aibu yangu, maana nimewaambia uliza lini, uliza lini, na kuna siku hiyo "lini" iliniangusha vibaya.

Kijana alikuwa na deki ya goblini, nyekundu tupu, akaweka Blood Moon. Kadi ya 1994, maandishi yake mafupi kabisa, ardhi zisizo za msingi, yaani sio Mountain au Swamp za kawaida na wenzao, ni Mountain, mlima. Mwenzake alikuwa na ardhi tatu za kifahari, zote zikawa milima za kutoa mana nyekundu tu, na yeye alikuwa anataka nyeusi. Zamu iliyofuata akashusha ardhi ya nne, Urborg, Tomb of Yawgmoth. Hiyo inasema kila ardhi ni Swamp, ile ya mana nyeusi, juu ya aina zake zingine. Akalaza zote nne, akasema hizi sasa ni Swamp pia, mana nne nyeusi, Damnation, viumbe wote wafe. Goblini saba mezani.

Kijana akainua mkono, nikaitwa. Nikasimama pale na uso wa mtu anayejua. Nikauliza swali langu: ipi ilikuja kwanza? Blood Moon. Ipi ya baadaye? Urborg. Nikasema basi ya baadaye inaongezea juu ya ya kwanza, milima inakuwa na Swamp pia, Damnation iko sawa. Goblini wakafagiwa, kijana akashindwa mechi, akanishukuru, hiyo ndo inaniuma, alinipa mkono akanishukuru.

Usiku nikafungua sheria, sehemu ya 613, ile ya tabaka, inayosema kadi zinazobadilisha zingine zinahesabiwa kwa mpangilio gani. Kwa kawaida kadi mbili za kudumu zikigongana kwa tabaka moja unaenda kwa muda, ya zamani kwanza alafu mpya, mpaka hapo nilikuwa sawa. Lakini kuna kifungu kinasema kama moja inategemea ingine, muda unawekwa kando. Na hapa inategemea: Urborg yenyewe sio ardhi ya msingi. Blood Moon inaigeuza mlima, na ardhi ikigeuzwa hivyo inapoteza maandishi yake, yaani ule uwezo wa kufanya kila ardhi Swamp haupo tena. Kwa hivyo Blood Moon inahesabiwa kwanza kila wakati, hata Urborg ingekuwa mezani tangu asubuhi. Urborg inabaki na jina lake zuri na umashuhuri wake na inatoa mana moja nyekundu. Damnation haikuwezekana. Nilimnyang'anya kijana mechi kwa swali langu mwenyewe.

Kwa hivyo "lini" ni ya vitu vinavyotokea, kadi kuchezwa, uwezo kupanda staki, kiumbe kuziba. Kwa kadi zilizokaa tu mezani zikisema "hii ni ile", uliza kwanza kama moja inaizima ingine, ndo uende kwa muda. Na mkikutana na hizo mbili niiteni mimi ama mwenzangu, msibishane, hata majaji wanazikosea, mnamuona mmoja hapa.

Kwa wale wa Commander, ile namna ya kucheza na kiumbe mmoja kiongozi, kamanda, meza mbili za kule nyuma, moja tu. Kamanda wako akifa, anafika makaburini kwanza, alafu ndo unachagua kumrudisha kwa eneo lake. Tangu 2020 ni hivo. Kwa hivyo kama kuna kadi inasema "kiumbe akifa fanya hivi", inafanya, mwenzako asikudanganye ati hakufa kwa sababu umemrudisha. Na ile 21 ya kushindwa na kamanda ni demeji ya vita tu na ni kutoka kwa kamanda mmoja, usijumlishe ya makamanda wawili, na usiongeze ile ya kurushiwa kwa uwezo wake, nimeona watu wanajumlisha kila kitu kama chama.

Mkianza: ukitaka kujibu, sema "ngoja" kabla mwenzako hajagusa kadi zake. Ukicheza kitu, mpe nusu sekunde aseme. Asilimia kubwa ya haya mabishano ni mtu kacheza kadi tatu kwa pumzi moja alafu mwenzake anarudi nyuma kutafuta pa kujibu. Mkikwama, mikono juu, kadi zibaki vile zilivyo, msiguse makaburi, na nikifika nianzieni na mpangilio, huyu alicheza hii, huyu akajibu na hii. Maandishi ya kadi nitasoma mwenyewe.

Orodha ya meza iko ukutani pale karibu na mlango wa jikoni. Meza ya tano leo msiniite, mwiteni mwenzangu, kwa sababu nacheza mimi, na nimepangwa na yule kijana wa goblini, mnamuona anavyocheka. Ameniambia Blood Moon ameweka nne. Nami nimetoa Urborg kwa deki tangu asubuhi.